Paneli za mbao kwa milango ya friji ya kabatini: kuanzia kipimo hadi kufunga

Friji ya kabatini huletwa na milango mitupu, haina urembo wala kishikio, ikimngoja seremala aivike mbao ifanane na makabati mengine ya jikoni. Mafundi wengi huuchukua mlango huo kama mlango mwingine wowote wa kabati. Hapo ndipo makosa huanzia. Mlango wa kabati la sahani ukipinda milimita 3, utaudhi macho tu. Paneli ya friji ikipinda kiasi hicho, raba ya mlango inaweza kukosa kushika, hewa ya joto na unyevu ikaingia usiku kucha, kompresa isipumzike na barafu ikajaa nyuma ya droo. Mwenye nyumba ataita fundi wa friji, naye atapima gesi na kubadilisha raba, kumbe kosa lilifanyika kwa seremala.

Kwa hiyo katika kila hatua hapa chini, jiulize kwanza: je, raba bado inafunga? Uzuri unakuja baadaye.

Jua friji uliyo nayo kabla ya kugusa mbao

Kuna aina mbili kuu. Ya kwanza, paneli hufungwa moja kwa moja juu ya mlango wa friji kwa vyuma vinavyokuja na friji yenyewe. Bawaba za friji ndizo hubeba uzito wote, na kabati halina bawaba yoyote upande huo. Ya pili, paneli huning'inizwa kwenye kabati kwa bawaba za kawaida za kikombe (zinazozama kwenye tundu la mviringo nyuma ya mlango), kisha huunganishwa na mlango wa friji kwa vireli vya plastiki au chuma vinavyoteleza. Ukivuta paneli, kireli kinauburuta mlango wa friji.

Tofauti hii inaamua kila kitu: utatoboa wapi, uzito unaoruhusiwa ni kiasi gani, na mbao nene itahitajika sehemu gani. Fungua katoni, utoe vyuma vyote na karatasi ya kiolezo, uvihesabu mbele ya mwenye friji. Kitabu cha friji kinataja uzito wa juu wa paneli kwa kila mlango. Uandike uzito huo ukutani penye karakana yako.

Kuna ombi moja la kukataa. Mteja ana friji ya kawaida ya kusimama, ya dukani, na anataka uivike mbao na kuibana ndani ya kabati. Friji nyingi za namna hiyo hutolea joto ubavuni: mabomba ya moto yamelazwa nyuma ya bati la pembeni. Ukizibana, joto halina pa kwenda. Ukitoboa ubavu kutafuta pa kushikiza skrubu, unaweza kupasua bomba, na friji nyingi za siku hizi hutumia gesi ya R600a, yaani isobyuteni, ambayo hushika moto. Mjengee fremu ya mbao iliyoachana na friji pande zote, huku milango ya friji ikionekana. Akikataa, mwache atafute fundi mwingine.

Kama friji haijanunuliwa bado, mshauri mteja aangalie herufi za tabaka la hali ya hewa kwenye kibandiko. N imeundwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32, ST hadi 38, T hadi 43. Nakuru N itatosha. Kisumu, Busia au Homa Bay, ambako jiko lenye meko ya gesi hupita 32 mchana wa Februari, tafuta ST au T.

Kabati kwanza, paneli baadaye

Usikate paneli kwa vipimo vya mchoro. Simamisha kabati, lipime kwa pimamaji na timazi, lifunge ukutani, uingize friji na kuifunga kwa skrubu zake. Kisha ndipo upime. Kabati la friji lisilofungwa ukutani ni hatari, hasa kwa aina ya kwanza: milango miwili ikifunguliwa pamoja, chupa zikiwa mlangoni, uzito wote unavuta mbele.

Nafasi ya kawaida ya friji hizi ni upana wa milimita 560 hadi 570 ndani, kina cha angalau 550 na kimo cha kama 1780 kwa zile ndefu. Kabati la upana wa 600 nje, lenye kuta za milimita 18, linatoa 564. Usilijenge kwa inchi halafu ukageuza. Futi mbili ni milimita 610, na hizo 10 za ziada zitakusumbua mpaka mwisho.

Hewa nayo ina kipimo. Friji nyingi hutaka njia ya angalau sentimita 200 za mraba chini kwenye ubao wa miguuni, na nyingine kama hiyo juu, na mgongo wa kabati uwe na nafasi ya sentimita 4 hadi 5 inayopanda mpaka juu. Sentimita 200 za mraba ni tundu la 50 kwa 4. Ukiweka wavu ambao nusu yake ni chuma, tundu liwe mara mbili. Soketi isiwe nyuma ya friji; iweke kwenye kabati la jirani, ambapo mtu anaweza kuchomoa plagi bila kuvunja kitu, na ambapo kile kifaa cha kulinda friji dhidi ya umeme unaorukaruka kitapata pa kukaa.

Sasa vipimo. Tuchukue mfano wa friji yenye milango miwili, baridi juu na friza chini, ndani ya kabati la 600. Pima kutoka sakafu ya nafasi ya friji hadi katikati ya ufa unaotenganisha milango miwili ya friji. Tuseme ni milimita 695. Ubao wa sakafu hiyo una unene wa 18, na paneli ya chini itaufunika wote: 695 na 18 ni 713. Ufa kati ya paneli mbili utakuwa 4, nusu yake inatoka hapa, kwa hiyo paneli ya chini ina kimo cha 711. Juu, nafasi iliyobaki ni 1780 kutoa 695, yaani 1085. Ubao wa juu unagawanwa na mlango wa kabati la juu yake, kila mmoja nusu: ongeza 9, upate 1094. Toa 2 za ufa wa chini na 2 za ufa wa juu. Paneli ya juu ni 1090. Upana ni 600 kutoa 4, yaani 596.

Ufa wa paneli lazima ulingane na ufa wa milango ya friji. Ukitofautiana sana ili kufuata mstari wa makabati ya jirani, vyuma vya kushikia havitafikia mahali pake.

Unene wa kawaida ni milimita 16 hadi 19. Ukipita hapo, kona ya paneli upande wa bawaba inaweza kugonga ukuta wa kabati au mlango wa jirani inapozunguka. Vitabu vingi vina jedwali la unene, ufa na mviringo wa kona. Ukiviringisha kona kwa milimita 3 kwa randa au rauta, unapata nafuu kubwa.

Mbao gani

Mbao nzima iliyounganishwa upande kwa upande mpaka 596 ni kishawishi kibaya. Hesabu yake ni hii: mahogani iliyopasuliwa bapa hutanuka au kusinyaa karibu asilimia 0.2 kwa kila asilimia moja ya unyevu. Ikitoka asilimia 9 ya kiangazi hadi 13 ya masika, 596 inakuwa karibu 601. Ufa wako ulikuwa 2 kila upande. Imekwisha. Na kwa kuwa nyuma yake kuna mlango wa friji na mbele kuna hewa ya jikoni, pande mbili hazilowi sawa, basi inajikunja pia.

Zimebaki njia mbili. Ya kwanza ni blokbodi ya milimita 18 yenye vinia (ngozi nyembamba ya mbao) ya mahogani, inayopatikana kwa shiti za futi 8 kwa 4. Shiti moja inatosha paneli zote mbili na kubakiza. Ni nyepesi kuliko MDF na inashika skrubu vizuri usoni. Kagua shiti kwa kuisimamisha na kuitazama kwa jicho moja kutoka ukingoni. Iliyopinda dukani haitanyooka nyumbani. MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, ni bapa zaidi na inafaa kwa rangi, lakini ni nzito: paneli ya 596 kwa 1090 kwa 18 ina kilo 8.8 hivi, kwa msongamano wa kilo 750 kwa mita ya ujazo. Nayo ikinywa maji ukingoni huvimba na hairudi.

Njia ya pili ndiyo inayopendeza zaidi, na ndiyo tutakayoieleza kwa urefu: fremu ya mbao nzima yenye plaiwudi katikati.

Kwa fremu, mahogani na mvule ni chaguo la kwanza. Mvule ni tulivu sana ikikauka, ila mara nyingine ina mawe madogo ndani yanayomaliza makali ya randa, na vumbi lake linawasha pua na macho, vaa barakoa. Saipresi ni rahisi na nyepesi, inafaa kama utapaka rangi, lakini chagua isiyo na vifundo mahali pa viungo. Mkaratusi uache kwa paa.

Muuzaji atakuambia mbao imekauka. Usibishane naye, pima. Kama huna mita ya unyevu, kata kipande katikati ya ubao, si mwishoni, ukipime kwa mizani ya jikoni, kisha kikaushe kwenye oveni ya nyuzi 100 hivi ukipima kila baada ya saa kadhaa hadi uzito ukome kushuka. Kikitoka gramu 225 hadi 200, tofauti ni 25. Igawe kwa 200, ni asilimia 12.5. Tafuta 10 hadi 12. Ikiwa 18, panga mbao juu ya vipande vya kutenganishia, ndani ya nyumba, na urudi baada ya wiki kadhaa. Mbao iliyonunuliwa soko la Kibuye, Kisumu, asubuhi na kupigwa randa jioni hiyo hiyo, bila kupimwa, ndiyo inayorudishwa kama mlango uliopinda.

Kuunda fremu

Unahitaji: mbao za inchi 4 kwa 1, jumla futi 24 hadi 26 pamoja na za kutupa, plaiwudi ya vinia ya milimita 6, robo ya shiti haitoshi, kwa hiyo nunua nusu, gundi ya mbao isiyoogopa maji, klempu ndefu nne.

Piga randa katika awamu mbili. Awamu ya kwanza iishie milimita 21, kisha mbao zilale siku mbili tatu. Zitajipinda kidogo zikitoa mvutano wa ndani. Hapo ndipo unazinyoosha na kufika 18. Ukiruka hatua hii ili kuokoa siku mbili, mbao itafanya kazi hiyo ya kujipinda ikiwa tayari mlangoni.

Vipimo vya mfano wetu, upana wa mbao ukiwa 75:

- Za wima: mbili za 1090 na mbili za 711. Ziache ndefu kwa 20 kila ncha mpaka gundi ikauke, ili tundu lisipasuke.
- Za kulala: nne za 516. Kati ya mabega ni 446, na kila upande ulimi mmoja wa 35 (ncha nyembamba inayoingia kwenye tundu la mbao ya wima).
- Plaiwudi: 464 kwa 958, na 464 kwa 579.

Ulimi uwe na unene wa milimita 6, theluthi ya mbao. Tundu liwe na kina cha 38, ili gundi ipate pa kukaa. Mfereji wa plaiwudi uwe na kina cha 10, na upana wake upimwe kwa plaiwudi yenyewe, maana hiyo ya 6 mara nyingi ni 5.5.

Kabla ya kuchimba mfereji, laza vyuma vya friji juu ya mbao. Hapa ndipo fremu nzuri nyingi huharibika. Skrubu za friji haziwezi kushika kwenye plaiwudi ya 6. Vireli vya aina ya pili kwa kawaida hukaa ukingoni, karibu na upande wa kishikio, kwa hiyo mbao ya 75 inavipokea. Chuma cha aina ya kwanza hulala juu, upana mzima, na mara nyingine kina pembe za pembeni. Ikiwa kiolezo kinaonyesha skrubu kwenye sentimita 10 kutoka juu, basi mbao ya kulala ya juu iwe 120 badala ya 75, na plaiwudi ipunguzwe kwa 45.

Unganisha kwanza bila gundi. Pima mshazari: kona hadi kona, pande mbili, tofauti isizidi milimita 1. Kisha kagua msokoto. Chukua fito mbili zilizonyooka, ulaze moja kwenye ncha ya juu ya fremu na nyingine kwenye ncha ya chini, uchutame na kutazama kwa usawa wa fito ya mbele. Ukingo wa juu wa fito ya nyuma ukionekana umeinuka upande mmoja kuliko mwingine, fremu imesokotwa, na klempu zako ndizo zinazoisokota, au bega moja halikukatwa mraba. Rekebisha sasa. Gundi ikishika, hakuna dawa.

Gundi ipakwe kwenye ulimi na tundu tu, isiguse plaiwudi. Bana, pima mshazari tena, acha usiku kucha juu ya meza bapa.

Kutoboa

Toboa kila tundu kabla ya vanishi. Kwa paneli ya 18, skrubu ziwe za urefu wa 16, si zaidi. Za 20 hutokeza usoni kama kipele. Tumia biti ya 2.5, uifunge utepe kwenye kina cha 13.

Kwa aina ya pili, vikombe vya bawaba ni biti ya 35, kina cha 12 hadi 13, kitovu kikiwa kama 22 kutoka ukingoni. Hakikisha na bawaba ulizonunua. Biti nyingi zina ncha ndefu katikati, nayo inaweza kupenya usoni hata kikombe chenyewe kikiwa sawa. Jaribu kwenye kipande. Paneli ya 1090 ipewe bawaba tatu. Ya 711 mbili.

Kishikio hufungwa kwa boliti kutoka nyuma. Kichwa cha boliti kizamishwe ndani ya mbao mpaka kiwe sawa na uso au chini kidogo. Kikitokeza milimita 2, paneli itakaa mbali na mlango wa friji na utahangaika saa nzima kutafuta kwa nini.

Vanishi pande zote

Uso wa nyuma unapata tabaka sawa na wa mbele. Hakuna anayeuona, lakini ukiuacha mtupu utakunywa unyevu peke yake na paneli itajikunja kama kigae. Usisahau ncha za mbao na ndani ya matundu ya vikombe.

Msasa 120, kisha 180, kisha 240. Mikono miwili ya sanding sila (tabaka la kuziba vinyweleo vya mbao), msasa wa 320 kwa wepesi, halafu mikono miwili au mitatu ya vanishi. Ya PU (poliurethani) ya mikebe miwili inastahimili mafuta ya mikono na mvuke wa sufuria kuliko ya NC (nitroselulosi). Ukitumia NC, usipulize jioni wala siku ya mvua. Thina inapokauka hupoza uso, unyevu wa hewa unaganda juu yake, na vanishi inageuka nyeupe kama maziwa. Karibu na ziwa, piga kazi hii kati ya saa tano na saa tisa mchana, jua likiwa limetulia.

Kufunga

Pima uzito wa paneli ikiwa na kishikio. Simama juu ya mizani ya mwili ukiwa umeibeba, kisha bila hiyo. Ilinganishe na kile ulichoandika ukutani.

Anza na paneli ya chini. Itundike, ulinganishe kimo na upande, usikaze bado. Kisha ya juu, mpaka ufa wa katikati uwe 4 kutoka mwanzo hadi mwisho. Halafu jambo ambalo wengi hulisahau: kati ya mgongo wa paneli na ukingo wa kabati kuwe na nafasi ya milimita 2 hivi mlango ukiwa umefungwa. Vyuma vina sehemu ya kusogeza mbele na nyuma. Nafasi hiyo ikikosekana, paneli hugusa kabati kabla raba haijagusa friji, na mlango unaonekana umefungwa kumbe umeegemea tu.

Jaribu kwa kipande cha karatasi. Kibane kwenye raba, funga mlango, ukivute polepole. Kinapaswa kukupinga. Rudia kila sentimita 15 kuzunguka mlango mzima, na hasa kona ya chini upande wa kishikio. Mahali kinapochomoka bure, hewa inapita.

Kaza skrubu zote, washa friji, jaza milango chupa za maji, uache siku moja. Uzito utashusha paneli kidogo, na utalinganisha tena.

Dalili na chanzo chake

Mlango unafunguka wenyewe kidogo baada ya kufungwa: kabati limeinamia mbele, au nafasi ya milimita 2 haipo. Pima kabati kwanza.

Paneli inakwaruza jirani yake upande wa bawaba, ilhali ufa ni sawa ikiwa imefungwa: ni unene au kona kali. Viringisha kona na upake vanishi upya hapo.

Kireli kinalia na mlango wa friji unachelewa kufuata: kireli hakiko sambamba. Legeza, fungua na kufunga mara tatu kijitafutie mahali, kisha kaza mlango ukiwa umefungwa. Usipake mafuta ya kupikia. Huvuta vumbi na kuganda.

Matone ya maji nyuma ya paneli asubuhi: raba inavuja mahali, au tundu la hewa chini limezibwa, mara nyingi na mtu aliyesukuma kikapu cha vitunguu mbele yake. Rudi kwenye karatasi.

Paneli imepinda baada ya mvua za Aprili: laza rula ndefu juu yake. Pengo chini ya rula likiwa chini ya milimita 2, sogeza vyuma vya juu na chini ili raba ishike, kisha isubiri ikauke. Ikizidi hapo, ishushe na uangalie mgongo wake kama vanishi ni kamili kabla ya kuamua kuunda nyingine.